Matundu ya Sindano

Kazi yangu kushona majina migongoni.
Miaka kumi na tisa katika chumba hiki chini ya jukwaa,
Iowa, baridi ikipenya uvunguni mwa mlango,
cherehani moja, taa moja, redio inayokoroma.
Zamani jina likikaa limekaa:
miaka minne, mpaka kitambaa chenyewe kichakae,
na mama mtu aje kuiomba jezi
akaitundike sebuleni.

Siku hizi nafumua kuliko ninavyoshona.

Namba ishirini na mbili, msimu huu peke yake:
Pruitt, akaondoka Desemba.
Vandersloot, wiki sita, goti.
Sasa Tautuiaki, herufi tisa,
zimebanana karibu kufika kwapani.
Igeuze jezi, itazame kwa ndani penye mwanga:
matundu ya sindano hayafutiki.
Pruitt bado yumo, chini ya wenzake,
kasomeka kwa nukta.

Delmond Pruitt. Alikuwa akija hapa na bakuli la tambi
kukaa na mtu asiyemuuliza kasi yake.
Mwaka wake wa kwanza alihitaji dola arobaini
za mafuta ya gari, akamzike bibi yake.
Kanuni za wakati ule zilimkataza kupokea hata mkate wa mtu,
na kikombe chenye sura yake
duka la chuo liliuza dola kumi na nane.
Nilimpa. Nilivunja kanuni, naungama,
na mkono haukunitetemeka.

Kisha kanuni zikaanguka.
Duka la magodoro la Hoekstra likamlipa elfu sitini
alale chali akitabasamu.
Akanirudishia arobaini yangu, noti mpya mbili,
na mashine ya kahawa nisiyojua kuiwasha.
Marlys, nahodha wa wavu, mabega kama mlango wa ghala,
alipata kuponi ya piza, kila Jumatano, mwezi mmoja.
Alikuja akatukatia vipande.

Mbuzi hula kwa urefu wa kamba yake,
na Jumanne walikutana Des Moines kuipima kamba.
Muswada una kurasa themanini:
kuhama mara moja, ya pili ukae nje mwaka mzima;
malipo yawe na dari; wakala awe na leseni.
Seneta Sorrells akapiga meza, akasema
uaminifu umekufa katika nchi hii.
Nyuma yake kocha wetu akaitikia kwa kichwa.

Ijumaa ile ile kocha akaenda Texas,
mshahara maradufu.
Hakukaa nje hata wikendi.
Fulana yake ilirudi kwangu, jina kifuani, uzi wa dhahabu.
Niseme kweli:
sijawahi kufumua kitu kikafumuka vyepesi namna ile.

Lakini sisemi mlango ukeshe wazi.
Huyu Tautuiaki ana vyuo vitatu kwa miaka mitatu,
masomo yake hayajumlishiki,
wakala wake anakula robo na simu hapokei.
Jana aliniuliza maktaba iko wapi.
Ni hili jengo la matofali, mwanangu,
unalipita kila asubuhi ukikimbia.
Huyu anataka mtu wa kumshika mkono.
Kurasa zile themanini, nilizisoma usiku, miwani puani,
nyingi zinamshika mguu.

Hakuna aliyeniita nitoe ushahidi.
Ningewapelekea jezi moja tu, nikaigeuza.

Jana usiku Delmond alituma picha,
rangi mpya, uwanja mpya, meno yote nje.
Nikaikuza kwa vidole viwili, mgongoni.
Hawakushona. Wamebandika kwa joto,
na T ya mwisho imeshaanza kuinua ukingo.
Nikamwandikia: lete nikushonee.
Akajibu: niko maili mia tisa.
Nikamjibu: uzi ninao.